Simu ya kukhu ina miaka 20. Yako itafika?

Niko na kesi na kukhu yangu, na nimeamua kuileta hapa kwa sababu nyumbani nimeshashindwa.

Kesi yenyewe ni hii. Kukhu anatumia Nokia 1100 ambayo baba mdogo alimnunulia 2005. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Hiyo simu imeniona nikianza nasari, nikitahiriwa, nikienda chuo na nikitoka chuo kabla ya wakati. Namba za kwenye vitufe zimefutika kabisa, tano imebaki doa tu, lakini kukhu hahitaji kuziona. Anapiga kama mtu anayesoma shanga gizani.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kumwambia aachane nayo. Mimi ni kijana wa video, nakula kwa sababu ya simu, na kila nikienda nyumbani upande wa Butere naaibika kidogo kumwona akichomoa hiyo kitu kwenye leso mbele ya watu. Nilikuwa nafikiri ni ukaidi wa wazee. Halafu kuna jambo lilitokea, nitawaambia huko mbele, likanifanya nianze kusoma historia ya hizi simu za vitufe hapa Kenya. Nimerudi nimenyamaza.

Kabla hujauliza, mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ikiwa imenilemea, kwa hivyo usinitafutie cheti. Lakini kusoma hakuhitaji kitambulisho cha mwanafunzi.

Wakati simu ilikuwa bei ya shamba

Sisi tuliozaliwa baada ya 2000 hatuelewi vile mambo yalikuwa. Simu za mkononi ziliingia Kenya 1993, chini ya shirika la posta na simu, KPTC. Wakati huo simu moja ilikuwa inafika shilingi 250,000. Robo milioni, na hiyo ni robo milioni ya miaka ya tisini. Ilikuwa kitu cha waziri, balozi na tajiri mmoja mmoja.

Watu wengine wote walikuwa wanapanga foleni kwenye vile vibanda vya simu vya mjini, sarafu mkononi, na nyuma yako kuna mtu anakohoa makusudi ili umalize haraka. Kijijini hata kibanda hakikuwa. Baba mdogo akiwa Nairobi alikuwa anatuma habari kwa barua, au kwa mdomo wa mtu anayesafiri. Pesa nazo zilikuja kwa bahasha, mkononi mwa dereva wa basi au utingo, na unaomba Mungu asipate shida zake mwenyewe njiani.

Mambo yalibadilika 2000. Safaricom ilitoka kuwa idara ya shirika la serikali ikawa kampuni yenye mkono wa Vodafone, na mshindani wake Kencell akaingia sokoni mwaka huo huo. Hiyo Kencell ndiyo baadaye ikaitwa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel. Ukisikia mzee akisema "laini yangu ya Celtel" usimcheke, laini ni ile ile, jina ndilo limehamahama.

Safaricom ikaanza kulipisha kwa sekunde badala ya dakika nzima. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipata mlango. Ukiwa na shilingi chache unaweza kusema "mama amelazwa, njoo" na ukate, na unalipa hizo sekunde tu. Lakini bado kulikuwa na shida ya pili. Simu zenyewe zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Zilikuwa hazijui vumbi, hazijui mvua, hazijui nyumba isiyo na stima.

Simu iliyotengenezewa vumbi

2003 Nokia wakatoa 1100. Angalia vile ilikuwa imefikiriwa.

Vitufe vyake havikuwa vimesimama kimoja kimoja. Vilikuwa karatasi moja ya mpira iliyofunika sehemu yote, ili vumbi lisipate tundu la kuingilia. Ubavuni ilikuwa na mpira wenye mikwaruzo ili isiteleze mkononi mwenye jasho. Skrini ilikuwa haina rangi, nyeusi kwa kijani, kwa hivyo ilikuwa hainywi betri, na ukiichaji inakaa siku kadhaa. Na kule juu kichwani walikuwa wameweka tochi. Unabonyeza kitufe cha C na kuna mwanga.

Hiyo tochi ndiyo Wakenya waliipenda kuliko kila kitu. Ndiyo ikazaa jina mulika mwizi, na jina likapanda hadi likafunika simu zote za aina hiyo, hata zile ambazo hazijawahi kumulika mwizi yeyote. Baadaye tukazibatiza kabambe, na sasa kizazi chetu kinaziita katululu. Simu yenye majina matatu ya mtaani si kitu kidogo. Watu hawakipi jina la utani kitu wasichokijali.

Zaidi ya Nokia 1100 milioni 250 ziliuzwa duniani. Simu ya bilioni moja ya Nokia, ile yenyewe iliyofikisha hesabu hiyo, ilikuwa 1100, na iliuzwa Nigeria 2005. Mwaka ule ule baba mdogo aliingia duka moja Nairobi na kutoa karibu elfu sita kumnunulia mamake. Anasema ilikuwa mshahara wake karibu wote wa mwezi, na mkewe hakumwongelesha wiki mbili.

Kwa kukhu, tochi ilikuja kwanza, simu ikafuata. Choo kiko nje, ng'ombe wako nje, na usiku wa kijijini ni usiku kweli. Miezi ya kwanza alikuwa anaitumia zaidi kumulika kuliko kuongea, maana wa kuongea naye walikuwa wawili tu.

Kuchaji ilikuwa safari. Hakukuwa na stima kwetu, kwa hivyo simu ilipelekwa sokoni kwa mtu mwenye betri ya gari. Unalipa shilingi 20, anaandika jina lako kwa kikaratasi, anaibandika mgongoni, unairudia jioni. Fikiria simu ya siku hizi kwa maisha hayo. Ungekuwa unaishi sokoni.

Lugha ya kuflashi

Kama ulikuwa mtoto mkubwa wakati huo, unajua kuflashi. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Hakuna pesa imeliwa, lakini ujumbe umefika.

Na ilikuwa lugha kamili. Kwetu, mlio mmoja ulimaanisha nimefika salama. Miwili, nipigie. Kila familia ilikuwa na sheria zake. Tena ilikuwa na adabu: mwenye pesa hakuflashi, kijana hakumflashi msichana anayemtaka, na mkwe hakuflashiwa kamwe. Ukimflashi mkwe umejitangaza mwenyewe kwamba huwezi kutunza mke.

Kampuni zilipoona watu wanaongea bure, hazikupigana nayo. Zikaleta ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe, ule wa Please Call Me. Ikaja pia Sambaza, ambapo unamtumia mwenzako kredo kutoka kwa simu yako. Hapa ndipo historia inanoga, kwa sababu watu waligundua kwamba kredo ni pesa. Mtu wa Nairobi anasambazia mwenye duka kijijini, mwenye duka anampa mama unga. Hakuna mtu aliyewafundisha. Hakuna semina ilifanywa hotelini. Watu walikuwa na shida ya kutuma pesa, wakatumia chombo kilichokuwa mkononi.

Agosti 2010 Zain ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kufuata. Kuflashi kukaanza kufa pole pole. Kukhu hajaacha. Hadi leo nikifika Nairobi lazima nimpigie mlio mmoja. Nikipiga hadi ashike, anauliza kuna nini mbaya.

Benki iliyojificha ndani ya laini

Sasa tufike kwa kitu ambacho ndicho hasa kilifanya hizi simu zikatae kufa.

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa. Hiyo mnaijua. Ambayo wengi hatujui ni vile ilitengenezwa. Majaribio yalianza 2005, na wazo la kwanza lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Vodafone walikuwa wamepata sehemu ya pesa za kuanzia kutoka kwa serikali ya Uingereza, na walifanya kazi na shirika la mikopo la hapa, Faulu. Lakini wale waliopewa kujaribu wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana pesa, kulipana madeni, kuweka pesa mahali fulani, kusafiri, halafu kuzitoa mwisho wa safari ili wasiibiwe njiani. Watengenezaji walikuwa na akili ya kutosha kuangalia na kubadilisha mpango. Ilipofika siku ya uzinduzi, neno kuu lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka haukuisha kabla ya wateja kuvuka milioni moja.

Hapa kuna uamuzi mmoja wa kiufundi ambao kwangu ni mkubwa kuliko matangazo yote. M-Pesa haikuwekwa ndani ya simu. Iliwekwa ndani ya laini. Ulikuwa unaenda kwa ajenti, unabadilishiwa laini, na ile menyu inatokea hapo, hata kwa simu ya bei ya chini kabisa. Ujumbe wa kutuma pesa unasafiri kwa njia ile ile ya meseji za kawaida, ukiwa umefungwa kwa siri. Haihitaji intaneti wala rangi kwenye skrini.

Maana yake, simu mbovu kuliko zote sokoni ilikuwa na uwezo ule ule wa pesa kama simu ya waziri. Ni mara ngapi hiyo imetokea nchi hii? Barabara ya tajiri si ya maskini, hospitali si moja, shule si moja. Lakini PIN ni PIN.

Na ndiyo maana Nokia ya kukhu, iliyotengenezwa kabla M-Pesa haijakuwa, ilipokea M-Pesa bila hata kubadilishwa skrubu. Karo yangu ya sekondari ilipita hapo. Pesa za maziwa zilipita hapo. Siku niliyopata nafasi chuo, michango ya ukoo iliingia kwa hiyo simu meseji moja moja, na kukhu alikuwa ananiita nimsomee kila moja kwa sauti, jina na kiasi. Zikijaa anafuta za zamani kwa huzuni, maana simu haibebi nyingi.

Karo haikutosha, hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Lakini haikukosa kwa sababu ya simu.

Fundi, mswaki na betri ya redio

Watu husema simu za zamani zilikuwa ngumu, zilikuwa mawe. Nusu ya ukweli. Nokia ya kukhu imeharibika mara nyingi sana. Imeanguka kwa ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Ndama aliilamba hadi ikazima. Spika ilikufa kitambo. Tofauti ni kwamba ilikuwa inatengenezeka.

Pale sokoni kuna fundi mwenye meza moja, bisibisi, mswaki wa zamani na chupa ndogo ya spiriti. Anafungua simu, anasugua ubao wake kwa mswaki, anaanika juani, anafunga. Kava ikivunjika, anatoa nyingine kwa sanduku. Spika anaichomoa kwa maiti ya simu nyingine. Ukihesabu vizuri, ya kukhu imebadilishwa kava mara tatu, vitufe mara mbili, na skrini mara moja. Rangi yake ya sasa haikuwa rangi yake ya kuzaliwa. Lakini kwa kukhu ni ile ile, na mimi siwezi kubishana, maana hata jembe lake limebadilishwa mpini mara ngapi na bado ni la mama mkwe wake.

Na betri? Nokia 1100 inatumia betri inayoitwa BL-5C. Hiyo betri ina historia yake. 2007 Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Matsushita, zingeweza kupata moto kupita kiasi zikichajiwa, na wenye nazo wakaambiwa watabadilishiwa. Ungefikiri huo ni mwisho wake. Wapi. Ilikuwa imeshaingia kwa simu nyingi sana hadi watengenezaji wengine wakaiiga, na vile viredio vidogo vya Kichina vya sokoni vikaanza kuitumia. Leo Nokia ya zamani inaishi kwa sababu redio inaishi. Nenda soko lolote Kenya, utaipata BL-5C, iwe halisi au binamu yake.

Ndiyo nikaelewa: simu ya kukhu haikudumu peke yake. Ilidumishwa, na fundi, na muuza betri, na baba mdogo aliyelipa bei ya kwanza, na laini iliyobeba benki.

Usiku ambao simu za uongo zilikufa

Kuna mtihani mmoja simu zote za Kenya zilipitia. Mwishoni mwa miaka ya 2000 soko lilikuwa limejaa simu za bei rahisi ajabu: laini mbili, spika za kutikisa nyumba, zingine na antena ya kuvutia televisheni. Serikali ilikuwa imeondoa ushuru wa VAT kwa simu 2009, soko likafunguka, na nyuma ya simu halali zikaingia feki. Feki nyingi zilikuwa na namba za IMEI za kubuni, au simu nyingi zinatumia namba moja.

Tume ya Mawasiliano ikatoa tarehe: mwisho wa Septemba 2012, feki zinazimwa. Wakenya tulifanya kama kawaida, tukasema hawawezi. Wakaweza. Simu zaidi ya milioni moja zikakosa mtandao.

Kwetu, jirani mmoja alikuwa na simu ya antena ambayo watoto wote tulikuwa tunaiabudu. Asubuhi hiyo ikawa redio na saa. Kukhu alimwazima Nokia yake apigie mtoto wake Mombasa. Nakumbuka alivyoishika, mtu mzima, kama amepewa kitu cha kanisani. Nilikuwa na miaka kumi na sikuelewa somo.

Usiku wenyewe sasa

Desemba ya 2023 nilikuwa nimepata kazi mbili za matangazo, mfuko uko vizuri, kichwa nacho kimevimba. Nikamchukulia kukhu simu ya kugusa kwa mpango wa kulipa kila siku. Kampuni siitaji, na kusema kweli ziko nyingi na zote ni kamba moja. Unaweka kitu kidogo cha kuanzia, halafu shilingi kadhaa kila siku kwa mwaka mzima. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe.

Laini yake ilikuwa ile kubwa ya zamani. Tukambadilishia, tukapewa kadi mpya yenye vipimo vitatu, na mimi nikabandua kile kidogo kabisa kuingiza kwa simu mpya. Fremu ya plastiki nikaitupa juu ya meza. Nokia nikaiweka kwenye kabati. Nikampiga picha kukhu na simu yake mpya, nikaiweka mtandaoni, mkanipongeza sana. Asanteni.

Machi pesa zikakauka. Mwenye tangazo alisema nitalipwa wiki ijayo, na unajua wiki ijayo ya hii kazi. Siku ya kwanza sikulipia simu ya kukhu. Ya pili pia. Nikajiambia haitumii sana hata hivyo.

Siku ya nne, usiku, kifua kilimbana. Kukhu ana pumu. Anaishi na binamu yangu mdogo wa miaka kumi na mmoja. Akachukua simu ampigie kijana wa boda anayembebaga, na skrini ikamwambia alipe kwanza. Kwa Kiingereza.

Nataka ufikirie hapo kidogo. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, pumzi haitoshi, amesimama gizani na simu kubwa yenye mwanga wa kutosha kusoma, na hiyo simu inamdai.

Alichofanya, nimesimuliwa na binamu. Alikaa chini kwa kitanda. Akamwambia mtoto afungue kabati atoe Nokia, kisha alete kopo la majani chai, lile la sindano na vifungo. Ndani ya kopo kulikuwa na ile fremu ya plastiki niliyoitupa juu ya meza. Kukhu hatupi kitu. Wakatoa laini ndogo kwa simu iliyofungwa, wakairudisha kwa fremu yake, wakaishika kwa kipande cha selotepu, wakaisukuma ndani ya Nokia. Betri ilikuwa na msumari mmoja, kwa sababu kukhu alikuwa anaichaji kila Jumapili bila kuniambia.

Ikalia ule mlio wake wa kuwaka. Kijana wa boda akaja. Kukhu akafika zahanati, akawekewa mashine ya kupumua, asubuhi akarudi nyumbani.

Mimi nilijua saa nne asubuhi, alipopiga. Hakunigombeza. Huwa ananiita mume wangu, kwa sababu nimepewa jina la marehemu babu. Akasema, "Mume wangu, ile simu yako ililala usiku. Nikaamsha yangu."

Yako. Yangu. Miezi mitatu nilikuwa nasema nimempa simu. Yeye alikuwa anajua toka siku ya kwanza kwamba hajapewa kitu.

Tusidanganyane pia

Sasa kuna watu watasoma hapa waanze kuimba kwamba zamani ilikuwa tamu, turudi kwa katululu. Tulieni.

Ile Nokia inamnyima kukhu vitu vya maana. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kinapanga matanga, yeye anasikia kwa watu. Picha ya kitukuu chake cha kwanza aliiona wiki tatu baadaye, kwa simu yangu. Huduma za serikali zimehamia mtandaoni, na kuna zinazofikika kwa kubonyeza nyota na alama ya reli, lakini nyingi zinahitaji skrini na bando. Kwa hivyo mzee anampa kijana wa saiba kitambulisho, namba ya siri na kila kitu, anakaa kwa benchi anaomba awe mwaminifu. Huo si uhuru.

Na mimi ninayeandika hapa nala kwa sababu ya simu za kugusa. Tangu zile Ideos za Huawei zilipoletwa 2011 kwa shilingi elfu nane hivi, mlango ulifunguka kwa vijana kama mimi wasio na godfather. Bila huo mlango, kuacha chuo kungekuwa mwisho wangu. Siwezi kuutemea mate.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Tuliambiwa historia ya simu Kenya ni ngazi: kibanda, mulika mwizi, simu ya kugusa, kila hatua ni bora kuliko ya chini yake. Nikiangalia vizuri naona kuna kitu tulikuwa nacho kwenye ngazi ya katikati na tumekiangusha tukipanda. Baba mdogo alilipa mara moja, kwa uchungu, na simu ikawa ya mamake. Hakuna mtu Nairobi aliyekuwa na kitufe cha kuizima kwa sababu ya deni. Ikiharibika, aliyeweza kuitengeneza alikuwa sokoni, anajulikana kwa jina. Leo tunanunua kitu kizuri mara kumi na hatukimiliki hata kidogo hadi siku ya mwisho ya malipo, na ikifika siku hiyo betri imeshachoka na haitoki.

Zima nyingine inakuja

Kuna jambo la mwisho linanikosesha usingizi. Nokia 1100 inajua mtandao mmoja tu, 2G. Nchi zingine zimeshaanza kuuzima. Telstra ya Australia ilizima wake Desemba 2016, AT&T ya Marekani ikafuata mwanzoni mwa 2017. Kampuni zinataka hayo masafa kwa mitandao ya kasi, na kibiashara naelewa.

Hapa kwetu 2G bado iko, na simu za vitufe bado zinahesabika kwa makumi ya mamilioni. Lakini siku itafika. Na siku hiyo hakuna fundi na mswaki atakayeokoa kitu. Simu itawaka, itamulika, itaonyesha saa, na haitaongea na mtu.

Ombi langu ni kwamba hiyo siku isije kama usiku wa 2012, na watu wa kukhu wagundue asubuhi. Wanaopanga mambo ya mitandao wakumbuke kwamba kwa simu nyingine yote ni burudani, na kwa nyingine ni boda ya saa saba usiku. Kila huduma ya lazima iwe na njia ya vitufe, kwa Kiswahili, hadi mtu wa mwisho apate simu iliyo yake kabisa. Na sisi vijana, kabla ya kumnunulia mzee zawadi ya mkopo ili tupige picha, tuulize kwanza: nikikosa pesa, nani atalala nje?

Nilimaliza kulipa ile simu ya kugusa mwezi wa nane 2025, kwa kuchelewa na kwa faini. Sasa ni ya kukhu kweli, hakuna wa kuifunga. Anaitumia kuona picha za kitukuu na kusikiliza kwaya. Laini yake ya M-Pesa, ile yenye fremu na selotepu, iko ndani ya Nokia hadi leo. Nilimwambia nimpeleke mjini akabadilishiwe iwe safi, akakataa.

Jana nilifika Nairobi saa mbili usiku. Nikapiga, ikalia mara moja, nikakata. Na wewe, kwenu nani bado ana mulika mwizi, na imeona nini?